Nahodha Asiyekula kwa Mama Yangu

Mimi mtu akiimba sana namtilia shaka. Sikuzaliwa hivyo, nilifanywa hivyo. Mume niliyekuja naye Brussels alikuwa anaimba jikoni, anaimba bafuni, anaimba akifunga kamba za viatu, kumbe kuna mwanamke mwingine kule Liège anaimbiwa nyimbo hizo hizo. Alikuwa dereva wa lori. Miaka yote nikidhani yuko barabarani, kumbe yuko kwa huyo mwanamke, kavaa kandambili, anakunywa supu. Kwa hiyo usinishangae nikikwambia kwamba siku tulipoonyeshwa ile filamu ya Kimarekani, ukumbi mzima ulikuwa unatabasamu, mimi nimekunja uso.

Ulikuwa ukumbi wa mtaa, huku kwetu Laeken. Mwalimu mmoja wa muziki aliyestaafu, mama wa Kibelgiji mwepesi wa machozi, alikuwa amebandika tangazo kwenye duka la mikate: anatafuta majirani wa kuimba, sauti yoyote, lugha yoyote. Nilikwenda kwa sababu nyumba yangu ilikuwa kimya mno tangu talaka. Nikawakuta Wakongo wengi, wa Lubumbashi na Likasi hasa, Wabelgiji wachache, na Mmoroko mmoja mwenye duka la simu. Mwalimu akazima taa akatuonyesha filamu anayoipenda tangu utotoni. Alisema baridi ikiisha tutaziimba nyimbo zake mbele ya watu, ndani ya tishari la zamani lililofungwa kwenye mfereji wa mjini.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna meli ya mtoni, ndefu, nyeupe, ina gurudumu kubwa la mbao nyuma linalochapa maji. Ndani kuna wacheza ngoma na wanawake wenye magauni yanayojaza mlango. Nahodha ana wimbo mmoja. Meli ikitia nanga mji wa kwanza, anamwimbia binti, binti analegea. Mji wa pili, wimbo ule ule, binti mwingine. Mji wa tatu vivyo hivyo, na sisi watazamaji tunatakiwa tuone raha. Mji wa nne anakutana na dobi, mwanamke mtu mzima, anamfungia dirisha. Basi nahodha anaimba mvuani, shati limemganda mwilini, mpaka dirisha linafunguka na wanaoana. Hakuna hata mmoja anayemuuliza wale watatu wa nyuma wamebaki na nini.

Watu weusi wamo, lakini wanabeba magunia na kuitikia kwa mbali, nyuso hazionekani. Taa zilipowashwa, maman mmoja wa Lubumbashi mwenye saluni kule Matonge, mtaa wa Wakongo, alinyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili cha kwao.

"Bale batu ya pale nyuma, njo sisi?"

Mwalimu akawa mwekundu, akaanza kueleza mambo ya zamani zile. Maman akamkatiza kwa upole.

"Bon. Huku sisi tutasimama mbele."

Watu wakapiga makofi na mazoezi yakaanza, kila Jumamosi mchana. Mwalimu aliponiuliza kazi yangu nikamwambia nafua mashuka ya hospitali. Akashika kifua. Dobi amepatikana! Nikamwambia mimi dirisha nitalifunga vizuri sana, lakini la kulifungua sitoi ahadi. Akadhani natania.

Unahodha akapewa mwanamume wa Lubumbashi aliyekuwa anakaa Ganshoren, fundi wa lifti, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpana, mpole, na sauti nzito inayotoka bila kulazimishwa. Wote walimwita papa, na mimi nikamwita papa. Haki ya Mungu, siku ya kwanza alipofungua mdomo nilitaka kuondoka. Nilijisemea, huyu naye, mwingine huyu. Nikamkalia mbali.

Lakini mtu huyo akishamaliza kuimba alikuwa ananyamaza. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anabeba viti, anapanga, anauliza nani anarudi na tramu gani. Siku moja nilileta wali wa nazi na mchuzi wa samaki, akala sahani mbili, akaiosha sahani mwenyewe kwenye sinki la ukumbi na kunirudishia imekauka. Siku nyingine akanisindikiza kituoni kwenye theluji, hakunishika hata kiwiko. Aliniambia mkewe alikufa, watoto wake wakubwa wako Lubumbashi. Nilimsikiliza huku jicho moja nimelifumba, lakini nilimsikiliza. Nilimpenda. Basi, nimesema. Na kupenda kwenyewe kulinitia hofu kiasi kwamba nikawa namkasirikia bila kosa.

Ndipo mama yangu akaja kutoka Tanga kunitembelea.

Mama yangu ana jicho. Siku ya harusi yangu ya kwanza alinivuta chumbani, nimeshapambwa, akaniambia, "Mwanangu, huyu bwana mtu akimtazama, yeye anatazama mlango." Mimi nikamjibu kwa jeuri ya ujana kwamba anaona wivu. Miaka ilipopita na mambo ya Liège yakafumuka, mama hakunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo safari hii niliapa: mwanamume yeyote, kabla sijamfungulia hata tundu la ufunguo, atapita kwanza mbele ya jicho la mama. Likimkataa, basi, yameisha, nabaki na mashuka yangu.

Jumamosi ya kwanza nikampeleka mama mazoezini. Mama alikuwa amekaanga vitumbua, unga wa mchele tuliuchukua Matonge, akavipanga kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kijani. Tukaingia ukumbini. Papa alikuwa katikati ya wenzake anacheka, mkononi kipande cha mkate. Nikasema kwa sauti, ili asikie, "Jamani, huyu ndiye mama yangu mzazi."

Papa akaacha kucheka. Akaweka mkate mezani. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akainama, akapiga makofi madogo mara kadhaa huku anatazama sakafu, kisha akageuka akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa ya taka. Hakurudi mpaka mwalimu alipokwenda kumwita.

Mama akauliza, "Yule vipi? Tumbo linamsokota?"

"Labda simu," nikasema.

Mapumziko yalipofika mama akapitisha vitumbua. Kila mtu alichukua, Mmoroko alichukua viwili. Papa alipoona bakuli linamkaribia alihama upande wa piano. Mama naye si mtu wa kuachia, akamfuata na goti lake bovu. Yule bwana akazunguka piano! Wallahi, mtu mzima na heshima zake, anazunguka piano anamkimbia mwanamke wa miaka sabini na ushee. Alipobanwa kwenye kona akaweka mkono kifuani na kusema na sakafu, "Merci, maman. Merci sana. Siwezi."

"Huwezi nini? Kitumbua?"

"Siwezi, maman."

Wakongo wengine wakatazamana, wakabana midomo. Mama akafunga bakuli lake taratibu, tak, na mimi namjua mama yangu akifunga kitu hivyo.

Asubuhi, tukinywa chai, ndipo alipoanza.

"Yule bwana ana jambo."

"Jambo gani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Lakini mwanamume asiyeweza kunipa mkono, asiyeweza kunitazama, asiyeweza kula changu, ana jambo. Kabla sijaja alikuwa anakula kwako?"

"Sahani mbili."

"Ehee!" Akaweka kikombe. "Anakula cha mtoto, cha mama hakiliki. Kwa nini? Kwa sababu anajua mimi nitamwona."

Makubwa. Nilijaribu kumtetea, nikasema labda ni aibu tu, mama akanikazia macho. Na kila juma lililofuata ushahidi ukawa unaongezeka. Mama akikaa safu ya mbele, papa anaimba amempa mgongo, anauimbia ukuta. Mama akiwa karibu na mlango, papa hatoki hata kwenda msalani. Siku moja tuko kituo cha tramu, mimi na mama, nikamwona anakuja na begi lake la vifaa. Naye akatuona. Akavuka barabara, akasimama ng'ambo kwenye upepo, akaiacha tramu yake ipite. Nilimpungia mkono. Akanipungia kidogo, kiunoni, kwa siri.

"Umeona?" mama akasema.

Nilikuwa nimeona. Nilipata hasira hadi machozi yakanitoka pale kituoni, nikasingizia baridi.

Nikaamua kuchimba. Nilikwenda Matonge kusuka kwa yule maman wa saluni, si kwa ajili ya nywele, nywele zangu zilikuwa nzuri tu. Akanikalisha, akaanza kunigawa nywele mafungu. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, ati yule papa wa Ganshoren, mkewe alikufa kweli?

"Kweli. Minamujua tangu Lubumbashi. Nilienda ku deuil, ku matanga, mwenyewe."

"Na hana mwingine? Labda Charleroi? Labda Namur?"

"Charleroi iko na kaka yake, mukubwa yake. Mwanamuke, hapana. Juu ya nini unauliza?"

"Sina nia yoyote. Ila nashangaa anamkimbia mama yangu kama amemwibia."

Maman akaacha kusuka. Nilimwona kwenye kioo, mdomo wazi.

"Anakimbia mama yako? Kukimbia vraiment, kabisa?"

"Hampi mkono, hali chake, hamtazami. Anavuka barabara."

Yule mwanamke alicheka! Alicheka akashika kiti, akawaita wenzake wa viti vingine, akawaambia kitu kwa Kilingala, saluni nzima ikaangua kicheko, hadi mteja aliyekuwa chini ya kikausha nywele akatoa kichwa. Nikamwambia anieleze. Akafuta macho.

"Ah non, non. Si mimi njo wa kusema. Ngoja kaka yake akuje. Utasikia."

Nilitoka pale nywele zinanibana na moyo unanibana. Kaka akuje kufanya nini? Kuna kikao? Nilikuwa nimeshalipitia hili zamani, nyumba nzima ya watu wanajua, mimi tu ndiye sijui. Watu wa Liège walijua. Majirani walijua. Hata fundi wa boila alijua. Na sasa saluni nzima ya Matonge inajua siri ya mwanamume niliyempenda, na siri hiyo inawachekesha.

Nikasema nitampima kwa mara ya mwisho. Baada ya mazoezi nikamwita pembeni, mama akiwa bado anavaa koti.

"Papa, Jumapili njoo kwangu, ule chakula cha mchana."

Uso wake ukafunguka kwa furaha. Kisha ukajifunga.

"Maman yako atakuwapo?"

"Kwani atakwenda wapi? Amekuja kwangu."

"Alors, siwezi."

"Kwani mama yangu ana nini?"

Akatazama viatu vyake, vile viatu vizito vya fundi. "Anayo heshima yangu yote," akasema.

Heshima! Mume wangu wa kwanza naye alikuwa mtu wa heshima, alimwamkia mama kwa simu kila Ijumaa. Nikamwambia papa sawa, nimekuelewa, tena nimekuelewa vizuri, na kuanzia leo tuonane kwenye wimbo tu. Alitaka kusema kitu. Mama akatokea na koti lake, na bwana huyo akapotelea kwenye mlango wa mapipa.

Mazoezi yaliyobaki nilimfungia dirisha kwa nguvu hata lile dirisha la maigizo, la mbao nyepesi, likang'oka bawaba. Mwalimu alifurahi sana. Alisema hatimaye nimemwelewa dobi.

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi mchana, manyunyu ya Brussels yale yasiyo mvua wala jua. Tishari lilikuwa limefungwa kwenye mfereji, limepakwa rangi nyeupe, na mafundi wa mtaa walikuwa wametengeneza gurudumu la maboksi nyuma yake. Ndani palikuwa pembamba. Kuna ubao mmoja wa kupandia kutoka ukingoni, mlango mmoja, na njia moja katikati ya viti kwenda mbele kwa waimbaji. Mama, kwa sababu ya goti lake, alikaribishwa kwa heshima kiti cha kwanza kabisa mlangoni, miguu kaielekeza njiani, bakuli la kijani limekaa mapajani. Ukitaka kupita ilibidi ugusane naye magoti.

Watu wakajaa. Sisi tukajipanga mbele, kweli mbele, kama maman wa saluni alivyosema. Mwalimu akahesabu vichwa, akahesabu tena.

"Nahodha wetu yuko wapi?"

Nikachungulia dirishani. Nahodha wetu alikuwa ukingoni, kofia nyeupe mkononi, nguo za kibaharia, anapokea manyunyu. Alikuja hadi kwenye ubao, akatazama mlangoni, akamwona mama, akarudi. Akaja tena. Akarudi tena. Mwalimu akamwita kwa mikono yote miwili, naye akatikisa kichwa. Piano ikaanza utangulizi, ikaurudia, ikaurudia tena, watu wakaanza kugeuza shingo.

Hapo ndipo nilipochoka. Yaani hata leo? Hata mbele za watu, ananiacha dirishani? Nikajipenyeza katikati ya viti na aproni yangu ya udobi, nikampita mama, mama akaniuliza "Wapi?" Nikashuka ubao nikamsimamia mbele.

"Nataka kujua leo," nikamwambia. "Hapa hapa. Mama yangu amekufanya nini? Una mke? Una kesi? Unaogopa atakutambua? Sema! Mimi nimeshadanganywa na mwanamume mmoja, nilidanganywa nikashiba, wa pili simtaki!"

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Haujui?" akasema.

"Nisichojua ni nini?"

"Kwetu," akaanza, "kwetu mwanaume anaogopaka mama mukwe. Hauwezi kumuangalia ku macho. Hauwezi kumupa mukono. Hauwezi kupita karibu yake, na kula mbele yake ni haya kubwa. Mpaka siku yeye mwenyewe anakupatia chakula, na wewe unakubaliwa. Mama yako alinipatia siku ya kwanza. Kama nilikula, ni kusema nimejiingiza mwenyewe, bila kuomba. Nilikuwa nangoja grand frère, kaka yangu, atoke Charleroi, akuje kuomba muzuri."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja, kisha nikaelewa yote kwa pamoja.

"Mama mkwe wa nani?"

Akaigeuza kofia mikononi.

"Na mimi," nikasema, "mimi uliniambia lini?"

"Kila Jumamosi," akasema. "Mbele ya batu yote."

Weee! Nikageuka kulitazama tishari. Kwenye kila dirisha kulikuwa na nyuso za Wakongo wangu, wanatuchungulia, na sasa nikaviona vile vicheko vyao jinsi vilivyokuwa tangu mwanzo. Ina maana tangu mama atie mguu ukumbini mtu huyu amekuwa akinichumbia waziwazi, kwa kuzunguka piano, kwa kuvuka barabara, na kwaya nzima imekuwa shahidi, na mimi nimekaa nampigia hesabu za Liège.

Lakini shaka haiondoki kwa siku moja, tuseme ukweli. Papo hapo sauti ikaniambia: maelezo mazuri. Mume wako naye alikuwa na maelezo mazuri. Nikamtazama tena. Nahodha wa filamu, kwenye mvua, aliimba. Huyu hakuimba. Alisimama tu, amelowa, anangoja, na hakutazama mlango wala njia.

Nikasikia ubao unalia. Mama anashuka. Nyuma yake maman wa saluni amemshika kiwiko, na nilijua kwa jinsi alivyobana midomo kwamba ameshamweleza yote. Mama alikuwa anashuka kwa mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, bakuli amelikumbatia, mtandio umelowa. Papa akaanza kurudi nyuma.

"Simama hapo!" mama akasema. "Nimechoka kukufukuza. Goti langu halitaki."

Akasimama, macho chini. Mama akamkagua toka kofia mpaka viatu, bila haraka. Nilimtazama mama usoni kwa hofu kubwa kuliko nilivyomtazama hakimu wa talaka yangu. Jicho lile lilikuwa limesema kweli mara moja, na mimi nilikuwa nimeahidi kulisikiliza.

"Nimeambiwa," mama akasema. "Hee, nimeambiwa. Mimi ya kwenu siyajui na kuyajua uzeeni siwezi. Lakini kwetu, mtu kukataa chakula cha mkono wangu ni matusi, na wewe umenitukana tangu nishuke ndege." Akafungua kifuniko cha kijani. "Kaka yako akija tutamsikiliza, atakaa kwenye kiti, tutaongea kiutu. Leo kula. Yaishe."

Papa hakunyoosha mkono. Aliinua macho, si kwa mama, kwangu mimi.

"Nikule?"

Ningeweza kusema maneno mengi. Nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyaandaa majuma mengi, yote makali. Nikasema, "Mimi sijui. Njaa ni yako."

Akapiga goti pale kwenye mawe yaliyolowa, na suruali yake nyeupe ya unahodha, akapiga yale makofi yake madogo, akapokea kitumbua kwa mikono miwili. Akala. Akala polepole, macho chini, anatafuna kwa adabu. Mama akampa kingine, kisha bakuli lenyewe. Akala. Kwenye tishari vigelegele vikalipuka, wanawake wa Lubumbashi na Likasi wanagonga mabati, Wabelgiji nao wakapiga makofi kwa kudhani onyesho limeanza, na mwalimu wetu, ambaye hakuwa anajua chochote, akalia.

"Na mimi je?" nikapiga kelele. "Mimi kuna aliyeniuliza?"

Hakuna aliyenisikia. Papa alikuwa ameshasimama, akalirudisha bakuli kwa mama kwa mikono miwili, akamwambia kitu kwa sauti ya chini, halafu akarudi nyuma akasimama pembeni kama mtu anayesubiri zamu yake. Mama akanijia. Usoni mwake nilitafuta lile neno lake la harusini, la kutazama mlango, na sikuliona.

"Kala," akasema.

"Nimeona."

"Kabakiza kimoja." Akaniinamishia bakuli nione. "Nimemwambia amalize. Anasema hiki si chake, hiki hakiliki mpaka mwenyewe atake."

Nikakichukua. Kilikuwa kimepoa na manyunyu yamekigusa juu. Papa hakusogea, hakuimba. Nikakigeuza huku na huku, nikakinusa, nikakitazama kwa chini, kama kawaida yangu. Kisha nikakila chote, pale pale mvuani, mbele ya watu wote.